Chombo Kikuukuu ni cha Nani?

Siku hizi wako watu, hasa katika Marekani na nchi za Ulaya, wanaotumia fedha na saa zao za mapumziko kukusanya taipureta za zamani, zile zisizojua umeme, ambazo huandika kwa nguvu ya kidole tu. Huzinunua minadani na katika maduka ya vitu vilivyokwisha tumika. Huzifungua, huzisafisha, huzitia utepe mpya, na kuzifanya ziandike tena. Mwigizaji Tom Hanks ni mmoja wao, na kitabu cha hadithi fupi alichokitoa mwaka 2017 kimeipa taipureta nafasi katika kila hadithi. Richard Polt, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Xavier mjini Cincinnati, ni mwingine; yeye mwaka 2015 alitoa kitabu kizima cha kuitetea mashine hiyo na watu wanaoipenda.

Mtu wa kwetu anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza huelekea kucheka. Mashine ambayo ofisi nyingi ziliitupa stoo mara kompyuta ilipoingia mlangoni, kwa nini mtu mwenye akili timamu aitafute, ailipie, na kukesha nayo? Lakini kicheko hicho huja kabla ya fikira. Ndani ya jambo hili dogo mna swali ambalo kila anayezungumza juu ya utamaduni wa taifa hana budi kulijibu. Chombo kilichoundwa na wengine, kikaletwa kwetu kwa haja za wengine, huwa chetu lini? Na kikiisha kuwa chetu, tuna wajibu gani kwacho siku kinapozeeka?

Jibu la haraka ni lile la sheria: chombo ni cha yule aliyekilipia. Jibu hili linatosha mahakamani, lakini halitoshi katika fikira. Mwandishi wa Kimarekani, Cormac McCarthy, alinunua taipureta aina ya Olivetti Lettera 32 mwaka 1963, iliyokwisha tumika, kwa dola 50. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliandika kwayo. Mwaka 2009 mashine hiyo ilipigwa mnada New York na kampuni ya Christie's, ikanunuliwa kwa dola 254,500, fedha ambazo mwandishi alizitoa kwa taasisi moja ya utafiti. McCarthy hakuacha kuandika. Rafiki yake alimtafutia mashine nyingine ya aina ile ile kwa bei isiyofika dola 20, na mzee akaendelea na kazi.

Tukitazame kisa hiki vizuri. Chuma cha mashine ya kwanza na chuma cha mashine ya pili ni kimoja. Zilitoka katika kampuni moja, kwa michoro mimoja. Kilichonunuliwa kwa robo milioni ya dola basi si chuma, wala si uwezo wa kuandika, maana uwezo huo ulipatikana kwa fedha ya chakula cha mchana. Mnunuzi alilipia alama za vidole vya mtu mwingine. Sisemi kwamba alikosea. Nasema tu kwamba baada ya mnada ule mmoja alibaki na mashine isiyo na kazi, na mwingine akabaki na kazi ambayo haikuihitaji mashine ile; na mtu akiniuliza ni nani kati yao aliyekuwa mwenye taipureta, sitamjibu kwa kumwonyesha stakabadhi.

Jibu la pili la haraka hutoka upande wetu, nalo lina uchungu ndani yake. Husemwa kwamba taipureta ni mashine ya mkoloni. Ilikuja naye, na ikifa na ife. Jibu hili linahitaji kusikilizwa, kwa sababu lina ukweli mwingi.

Taipureta ya kwanza kufaa sokoni ilitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes na wenzake katika mji wa Milwaukee, ambao walipata hataza mwaka 1868. Waliokubali kuiunda kwa wingi, mwaka 1873, walikuwa kampuni ya E. Remington and Sons katika jimbo la New York, watu ambao kazi yao ilikuwa kuunda bunduki na, baadaye, cherehani. Mashine ile ya mwanzo iliandika herufi kubwa tupu. Ilipofika mwaka 1878 ndipo ilipotoka nyingine iliyoweza kuandika herufi kubwa na ndogo. Mwishoni mwa karne hiyo Underwood ikamwezesha mwandishi kuuona mstari wake akiwa bado anauandika. Tangu hapo umbo lake halikubadilika sana kwa zaidi ya nusu karne.

Ilipopanda meli kuja pwani hii haikuja kuandika tenzi. Ilikuja kuandika orodha za kodi, amri za boma, na barua za wakubwa kwa wakubwa wenzao. Kelele zake, pamoja na ile kengele ndogo inayolia mstari unapokaribia kwisha, zilikuwa kwa watu wengi sauti ya serikali isiyokuwa yao. Tena iko dhara nyingine ambayo hatuisemi mara nyingi. Kiswahili kilikuwa kimekwisha andikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hapo. Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa waliziandika kazi zao kwa hati hiyo, na wafanyabiashara waliandikiana barua kwa hiyo hiyo. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walipoziweka shule na ofisi zao upande wa herufi za Kilatini, taipureta iliupigilia msumari uamuzi huo. Mzee aliyeweza kusoma na kuandika tangu utoto wake aliamka siku moja akaitwa asiyejua kusoma, kwa sababu karatasi iliyotoka bomani ilikuwa na maandishi ambayo hakuwahi kufundishwa. Taipureta haikuamua jambo hilo, lakini ililitumikia.

Haya yote ni kweli. Hata hivyo, mashine hiyo hiyo, baada ya muda, ilianza kuandika mambo ambayo walioileta hawakuyakusudia. Iliandika kumbukumbu za mikutano ya vyama na madai ya watu waliotaka nchi yao. Na mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, makarani waliozoea kuandika Kiingereza walibaki mbele ya mashine zile zile, na vitufe vile vile, wakaanza kuandika lugha nyingine.

Na hapa pana bahati ambayo walimu wa Kiswahili wangefaa kuwaonyesha wanafunzi wao. Kiswahili sanifu kwa herufi za Kilatini hakihitaji alama yoyote isiyokuwamo katika taipureta ya Kiingereza. Hata ng' ya ng'ombe huandikwa kwa ile alama ya ritifaa ambayo Mwingereza aliiweka kwa haja zake mwenyewe. Majirani wetu hawakubahatika wote namna hiyo. Kikuyu kina irabu mbili, ĩ na ũ, ambazo huvaa alama juu yake. Mpiga taipu aliyekuwa na mashine ya kawaida alilazimika kuiongeza alama hiyo kwa kalamu baada ya kuitoa karatasi, au kuiacha kabisa. Ndiyo sababu majina mengi ya watu na ya mahali yaliingia katika majalada yakiwa yamevuliwa nguo. Lugha nyingine zenye herufi za ziada zilipata taabu iyo hiyo. Chombo huonekana hakina upande, mpaka mtu mwingine ajaribu kukitumia.

Lakini hata kwa Kiswahili mashine haikuwa sawasawa. Mpangilio wa vitufe, unaotokana na kazi ya Sholes, uliwekwa bila kuifikiria lugha yetu. Herufi inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kiswahili ni a. Na katika mpangilio huo a imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Mpiga taipu wa Kiswahili alifanya kazi yake kubwa kwa kidole chake kidogo. Upande wa pili ziko q na x, ambazo Kiswahili sanifu hakizitumii kamwe. Taipureta iliyofanya kazi kwa Kiswahili miaka mingi haina budi kuonyesha hayo katika mwili wake: chapa ya a imelika na kujaa wino katika tumbo lake, na chapa za q na x zinang'aa kama siku zilipotoka kiwandani. Mashine iliyofanya kazi London haina sura hiyo. Viwanda vilivyoziunda havikuikusudia tofauti hii. Imechongwa na matumizi.

Nimelikawilia jambo la herufi kwa sababu linajibu hoja moja mashuhuri. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Martin Heidegger, katika mihadhara yake ya mwaka 1942 na 1943 juu ya Parmenides, aliilaumu taipureta kwamba imeupokonya mkono kazi yake. Kwa maoni yake mwandiko wa mkono humdhihirisha mtu, na mashine humficha. Katika herufi zake watu wote hufanana. Hoja hii ina uzito, na yeyote aliyewahi kupokea barua ya mama yake iliyoandikwa kwa mkono ataionja. Lakini Heidegger aliitazama mashine kwa mbali mno. Watu ambao hawakuwa wanafalsafa walijua zaidi. Wapelelezi walijua kwamba kila taipureta, ikiisha kutumika, huwa na mwandiko wake: herufi hii imeinama kidogo, ile imepanda juu ya mstari, nyingine imevunjika mguu. Katika kesi ya Alger Hiss, afisa wa Marekani aliyetiwa hatiani mwaka 1950 kwa kusema uongo chini ya kiapo, ushahidi mwingi ulihusu mashine moja aina ya Woodstock na alama za herufi zake. Katika Romania, amri ya mwaka 1983 iliwalazimisha wenye taipureta kuziandikisha polisi pamoja na karatasi ya mfano wa herufi zake, ili maandishi yasiyopendwa na wakubwa yaweze kufuatwa mpaka kwa mwandishi wake. Serikali haiogopi mwandiko wa kitu kisichokuwa na mwandiko.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoingia katika shida ya kweli, nami naomba msomaji aifuate kwa subira, maana bila kuijua kazi yenyewe hatuwezi kuzungumza juu ya wajibu wake.

Fundi anayeijua taipureta haanzi na bisibisi. Huanza na brashi. Sehemu kubwa ya mashine zinazoitwa mbovu hazikuharibika. Zimejaa vumbi, vipande vya raba, na mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Mikono ya herufi yote hukutania katika kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara, kilichokatwa nafasi nyembamba, kila mkono na nafasi yake. Mahali hapo husafishwa kwa spiriti mpaka pakauke kabisa. Asiyejua humimina mafuta papo hapo. Mashine hufurahi siku mbili, kisha vumbi hushikana na mafuta na mikono hukwama zaidi ya mwanzo. Wengi wameziua mashine zao kwa wema wa namna hii.

Baada ya kuisafisha ndipo hutazama kinachoivuta. Kigari kinachobeba karatasi huvutwa na springi iliyofichwa ndani ya kibweta cha duara, kwa mkanda mwembamba. Kila herufi ikipigwa, meno madogo hukiruhusu kigari kisogee hatua moja, wala si mbili. Mkanda huo ukikatika, kigari hubaki kimelala upande mmoja na mwenye mashine hudhani imekufa. Mafundi wa kila mahali wamegundua kwamba mshipi imara wa kuvulia samaki huweza kushika nafasi yake. Rola ni shida kubwa zaidi. Mpira wake hukauka kwa miaka hata ukawa mgumu kama mti. Ndipo herufi hutoboa karatasi, kelele huzidi, na chapa zenyewe huumia kwa kugonga kitu kigumu. Katika Marekani iko kampuni inayovivisha virola hivyo mpira mpya. Mahali pasipo na huduma hiyo watu huvisha ganda la plastiki linalonywea kwa joto. Utepe ndio rahisi kuliko vyote, kwa kuwa upana wake, kama milimita 13, ni mmoja kwa aina nyingi za mashine, na hata uliokauka huweza kutiwa wino upya. (Kijana atakayeketi mbele ya mashine ya namna hii asishangae akikosa kitufe cha tarakimu 1. Aina nyingi hazikuwa nacho. Watu waliandika l ndogo, na hakuna aliyepotea njia.)

Sasa turudi kwenye chapa ya a iliyolika. Mashine imeletwa kwa fundi. Anaweza kuuondoa mkono wa herufi hiyo na kuweka mwingine uliotoka katika mashine iliyokufa. Barua zitakazotoka zitakuwa safi. Lakini akifanya hivyo amefuta ushahidi pekee ulioonyesha kwamba mashine hii ilisema Kiswahili. Asipofanya, amemrudishia mteja chombo kinachoandika vibaya. Lipi ni kutengeneza? Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wamegombana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Wako wanaopaka rangi upya na kung'arisha kila chuma mpaka mashine ifanane na tangazo la dukani la mwaka ilipotoka. Wako wanaokataza hata kuifuta alama ya kikombe iliyobaki juu ya kifuniko chake. Wa kwanza wanaihifadhi siku ya kuzaliwa, wa pili wanaihifadhi siku ya kufa. Kwangu mimi pande zote mbili zimeisahau miaka iliyo katikati, ambayo mashine ilikuwa ikiandika.

Fundi wa mjini hana anasa ya ugomvi huu. Mteja wake anataka barua. Basi hufanya lile linalotakiwa, na mara nyingi hulifanya kwa kuua mashine moja ili kuziponya nyingine mbili. Jambo hili huwaudhi watu wenye huruma, lakini mimi naliona kuwa halali. Viungo vya mashine iliyouawa hubaki vikiandika. Kazi iliyokuwa yake inaendelea ndani ya nduguze. Tofauti yake kubwa ni ile biashara iliyozuka miaka ya karibuni, ambayo wakusanyaji wanaichukia kuliko kutu: kuvikata vitufe vya taipureta za zamani, vile vya mviringo vyenye kioo na pete ya chuma, na kuvigeuza hereni, bangili na vifungo. Mwenye biashara hiyo hujitetea kwamba mashine ilikuwa inaoza na hakuna aliyeitaka. Utetezi huo ni wa kweli mara nyingine. Hata hivyo herufi iliyoning'inia sikioni haiwezi kurudi katika neno, na kilichobaki mezani baada ya kukatwa vitufe hakifai hata kuwa vipuri. Naongeza tu kwamba yule anayewalaani wakata vitufe, huku nyumbani kwake amepanga mashine arobaini rafuni na hata moja haijawahi kutiwa karatasi, asipaze sauti sana.

Ikiwa umiliki wa stakabadhi hautoshi, wala mapenzi ya rafuni hayatoshi, kinachobaki ni nini? Naona ni ujuzi. Chombo huanza kuwa cha watu fulani siku wanapoweza kukifungua, wakaelewa kwa nini kimesimama, na wakakirudisha kazini bila kumwandikia barua aliyekiunda. Mwalimu Julius Nyerere, alipotangaza mwezi wa Desemba 1962 kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisisitiza kwamba tuutafute utamaduni wetu kwa fahari, lakini alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza chochote kwa wengine linajipumbaza. Mara nyingi tumeelewa kujifunza huko kuwa ni kujifunza kutumia. Tulijifunza kupiga taipu. Vyuo vilifundisha, vyeti vilitolewa, na kasi ya vidole ilipimwa kwa dakika. Waliojifunza kuitengeneza walikuwa wachache, nao hawakuhesabiwa kuwa wenye elimu. Tukilinganisha na India, kampuni ya Godrej ilitoa taipureta yake ya kwanza mwaka 1955, ikaendelea kuziunda kwa zaidi ya miaka hamsini. Hakuna Mhindi anayehitaji kuuliza kama mashine hiyo ilikuwa yake.

Msomaji atauliza: swali hili lina faida gani leo, wakati taipureta zenyewe zimekwisha? Faida yake iko mfukoni mwake. Simu aliyonayo ameilipia kwa fedha nyingi kuliko taipureta, lakini hawezi kuifungua. Betri imegandishwa kwa gundi, skrubu zake zinataka bisibisi ya namna ya peke yake, na vipuri vyake huuzwa kwa masharti ya mtengenezaji, au haviuzwi kabisa. Tunavimiliki vyombo hivi kama mpangaji anavyomiliki chumba. Hata nchi zilizoviunda zimeanza kulalamika: Ufaransa tangu mwaka 2021 imewalazimisha wauzaji wa simu na kompyuta waonyeshe, kwa alama, ni rahisi kiasi gani kuzitengeneza, na Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza. Wengi wa wanaokusanya taipureta katika nchi hizo wanasukumwa na kiu hii zaidi kuliko na mapenzi ya zamani. Wanataka, angalau mara moja, kushika chombo ambacho hakiwafichi kitu. Ukibonyeza herufi unauona mkono wake ukiinuka, na usipoinuka unaweza kufuata kwa jicho mpaka uione sababu.

Lakini ujuzi nao una hatari yake, wala haifai kuusifu bila kuisema. Fundi mashuhuri kuliko wote katika kazi hii huenda alikuwa Martin Tytell wa New York, aliyefariki mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 94. Ndiye aliyeajiriwa na mawakili wa Hiss aunde mashine ambayo maandishi yake yangefanana na yale ya ile Woodstock, ili kuonyesha kwamba mwandiko wa taipureta waweza kughushiwa. Duka lake liligeuza taipureta ziandike lugha nyingi sana za dunia, nyingine zikiwa lugha ambazo yeye mwenyewe hakuzisoma. Inasimuliwa kwamba katika mashine za Kiburma aliiweka herufi moja kichwa chini, na kwa kuwa mashine hizo zilienea, watu wakaizoea herufi hiyo hivyo hivyo. Kisa hiki huwachekesha wanaokisimulia. Lakini mkono uliojua chuma chote haukuijua lugha, na walioijua lugha hawakuwa na mkono. Kama pangekuwa na fundi Mburma mmoja katika duka lile, herufi ingesimama kwa miguu yake.

Kwa sababu hiyo jambo hili halihusu makumbusho peke yake. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliiweka Olivetti Lettera 22, iliyobuniwa na Marcello Nizzoli mwaka 1950, miongoni mwa vitu vyake vya sanaa, nayo inastahili. Ni mashine nzuri kwa macho. Ila kwetu, nyuma ya kioo, ingetueleza machache. Ingetueleza zaidi ikiwa juu ya meza ya darasa la fizikia, kifuniko kimeondolewa, na vijana wawili wakibishana kwa nini kigari kinasogea hatua moja tu.

Tuseme basi kwamba shule moja ya sekondari inafungua stoo yake na kukuta humo taipureta tatu. Ya kwanza ni nzima kwa nje, lakini mkanda wake umekatika na rola imekauka. Ya pili imelala chini ya mahali panapovuja, na nusu yake ni kutu. Ya tatu ni ile iliyoandika barua za shule na mitihani ya Kiswahili kwa miaka mingi. A yake imelika hata inafanana na doa. Mwalimu na wanafunzi wake wana brashi, spiriti, bisibisi na mshipi wa kuvulia samaki. Kwa hesabu za kifundi mashine mbili zinaweza kupatikana kutokana na tatu, na iliyo rahisi kuvunjwa ni ile ya tatu, kwa kuwa viungo vyake vyote vinajongea na kwa kuwa maandishi yake ni mabaya. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu atazichukua zote kwa kilo, na mkuu wa shule atapata nafasi ya kuweka madawati.

Mimi ningeivunja ile ya pili, hata kama itatoa skrubu tano tu zinazofaa. Ya kwanza ningewapa wanafunzi waitengeneze mpaka iandike, wakosee, waifungue tena. Ya tatu ningewaomba waisafishe bila kuibadilisha mkono wake wa a. Kisha waitie karatasi, na kila mmoja aandike jina lake.